Jina la Mwenye Duka Juu ya Chupa: Historia Fupi ya Sheria za Vileo vya Wauzaji katika Uingereza na Marekani

Makusudi ya makala hii ni kueleza jinsi dola mbili, Uingereza na Marekani, zilivyoshughulika na jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni dogo, lakini likichunguzwa lina mizizi mirefu. Jambo lenyewe ni kileo kinachotengenezwa na mtu mmoja na kuuzwa kwa jina la mtu mwingine, yaani mwenye duka. Biashara ya namna hii ni ya kawaida leo. Katika maduka makubwa ya Ulaya na Marekani Kaskazini mnunuzi hukuta juu ya rafu chupa za mvinyo, bia na wiski zenye jina la duka lenyewe, au jina lililobuniwa kwa ajili ya duka hilo tu, hali duka halina shamba la mizabibu, wala ghala la kimea, wala mtambo wa kukenekea. Aliyetengeneza kinywaji yuko mahali pengine, na aghalabu hatajwi, au hutajwa kwa jina ambalo mnunuzi hawezi kulitambua.

Mwanasheria akilitazama jambo hili huona mkataba. Mfanyabiashara huona faida. Mwanalugha huona swali la maana. Neno wiski likibandikwa juu ya chupa pamoja na jina la mwenye duka, ni nani mwenye haki ya kusema maana yake? Je, ni yule aliyekikeneka kinywaji, au yule aliyekiuza, au yule aliyekinunua kwa fedha yake akiamini kwamba amepata alichokitaka? Historia ya miaka mia mbili inajibu swali hili kwa namna isiyotazamiwa na wengi. Dola hizi mbili zilimwachia mwenye duka jina lake, lakini zikamwondolea, neno moja baada ya jingine, uwezo wa kuyapa maana maneno yaliyolizunguka jina hilo. Aina ya kinywaji, nchi kilikotoka, umri wake, mahali zabibu zilipovunwa, hata bei yenyewe mahali pengine, vikawa mambo ya umma. Hilo ndilo ninalotaka kulithibitisha, na mwishoni nitaonyesha kwa nini linatuhusu sisi tunaoandika sheria kwa Kiswahili.

Na tuanze Uskoti. Mwaka 1820 kijana John Walker alifungua duka la vyakula katika mji wa Kilmarnock. Katika Aberdeen ndugu wa ukoo wa Chivas, na katika Edinburgh George Ballantine, walifanya kazi ya namna hiyo hiyo. Hawa hawakuwa wakenekaji wa wiski. Walikuwa watu wa duka, wenye kuuza vyakula na mahitaji mengine ya nyumba, na wiski ilikuwa bidhaa moja miongoni mwa nyingi. Waliinunua kwa mapipa kutoka kwa wakenekaji, na kila pipa lilikuwa na tabia yake: hili kali, hili laini, hili lenye harufu ya moshi, na lile lisilofanana kabisa na lililouzwa mwezi uliopita. Mteja aliyependa alichokunywa mwaka jana hakuwa na dhamana ya kukipata mwaka huu. Dawa ya maradhi hayo ilikuwa kuchanganya. Mfanyabiashara aliyejua kupambanua ladha aliweza kuchanganya mapipa kadha wa kadha hata akapata ladha isiyobadilika, na ladha hiyo akaipa jina lake. Hivyo jina la mwenye duka lilizaliwa likiwa dhamana. Mteja hakujua mapipa yalikotoka, lakini alimjua muuzaji, na duka lake alijua lilipo.

Mambo mawili yaliikuza biashara hii. La kwanza ni mtambo. Mwaka 1830 Aeneas Coffey, aliyekuwa zamani mkaguzi mkuu wa ushuru katika Ayalandi, alipata hataza ya mtambo wa kukeneka mfululizo. Mtambo huu ulitoa pombe nyingi ya nafaka kwa gharama ndogo, lakini pombe yenyewe ilikuwa nyepesi, isiyo na ladha nyingi kama ile ya kimea cha shayiri iliyokenekwa katika vyungu vya shaba. La pili ni ushuru. Zamani mfanyabiashara alipaswa kulipa ushuru kwanza, kisha ndipo achanganye. Kwa hiyo fedha yake ililala katika mapipa miaka mingi. Mwaka 1853 serikali iliruhusu wiski za kiwanda kimoja, za umri mbalimbali, zichanganywe ndani ya ghala za forodha kabla ya ushuru kulipwa. Mwaka 1860 ruhusa hiyo ikapanuliwa, ikawa halali kuchanganya humo wiski ya kimea na pombe ya nafaka ya mtambo wa Coffey. Kanuni hiyo ya forodha, iliyoonekana kuwa shughuli ya makarani, ndiyo iliyowatajirisha wachanganyaji. Sasa waliweza kuchanganya kingi, kukiacha kikae, na kulipa ushuru siku ya kukitoa.

Wakati huo huo mlango wa kuuzia ulifunguliwa. Sheria za mwaka 1860 na 1861, zilizoletwa na Gladstone alipokuwa Waziri wa Fedha, ziliwapa wenye maduka njia ya kuuza mvinyo na pombe kali kwa chupa moja moja, zinywewe nyumbani. Kampuni ya W. & A. Gilbey, iliyoanza mwaka 1857, iliutumia mlango huo kwa werevu mkubwa: wenye maduka wa miji mbalimbali wakawa mawakala wake, na mvinyo ukauzwa kwa chapa za Gilbey badala ya jina la mkulima wa zabibu. Huko Kilmarnock, Alexander Walker, mwana wa John, aliandikisha mwaka 1867 jina la mchanganyiko wake wa wiski. Baba yake alikuwa amefariki mwaka 1857, lakini jina la baba likaendelea kuuza. Hapa pana jambo la kuangaliwa. Jina la mtu aliyekuwa akionekana nyuma ya meza ya duka lilikuwa limeanza kusafiri peke yake, likifika mahali ambapo mwenyewe hakufika kamwe. Dhamana iliyotokana na kujuana ilibaki katika sauti ya jina, lakini kujuana kwenyewe kulikuwa kumekwisha.

Jina likikua, shaka nayo hukua. Kwa sheria ya mwaka 1875 ya uuzaji wa vyakula na dawa, ilikuwa kosa kumuuzia mtu kitu kisicho na asili, aina na ubora wa kile alichokitaka. Tazama jinsi sheria ilivyomlenga muuzaji: yeye ndiye aliyesimama mbele ya mnunuzi, na yeye ndiye aliyejibu. Mwaka 1905 halmashauri ya Islington, katika jiji la London, iliwashitaki wauzaji wa rejareja kwa kuuza kama wiski kinywaji ambacho sehemu yake kubwa ilikuwa pombe ya mtambo wa Coffey. Hoja ya mashitaka ilikuwa ya lugha tupu: anayeomba wiski huomba nini? Mwezi wa Februari 1906 hakimu aliwaona wauzaji wana hatia. Rufaa ikakatwa, na mahakimu walioisikiliza wakagawanyika sawasawa pasipo kukata shauri. Biashara nzima ya wachanganyaji, ambayo kwa wakati huo ilikwisha kuenea duniani, ikabaki ikining'inia juu ya maana ya neno moja.

Serikali iliona kwamba jambo la namna hiyo haliwezi kuachiwa mahakama ya mtaa. Mwaka 1908 iliunda Tume ya Kifalme chini ya Lord James of Hereford, na ripoti ya mwisho ya Tume ikatoka mwaka 1909. Tume ilisema kwamba wiski ni pombe inayopatikana kwa kukeneka nafaka zilizosagwa na kulowekwa, ambazo wanga wake umegeuzwa sukari kwa nguvu ya kimea; na wiski ya Uskoti ni ile iliyokenekwa Uskoti. Aina ya mtambo haikuwekwa kuwa sharti. Wachanganyaji walishinda, na wakenekaji wa vyungu vya shaba walishindwa. Hata hivyo ushindi huo ulikuwa na gharama yake. Tangu siku hiyo wiski lilikuwa neno lenye maana iliyotolewa na dola, na mwenye duka aliyelitumia alikuwa ameazima kitu cha umma. Mwaka 1915, katika vita, sheria nyingine iliongeza sharti la umri: pombe kali ilazwe ghalani miaka miwili kabla ya kuuzwa kwa kunywewa, na muda huo ukapandishwa hata miaka mitatu. Lloyd George, aliyeuona ulevi kuwa adui wa viwanda vya silaha, alitaka makali zaidi ya hayo. Sheria ya umri ilikuwa suluhu. Miaka hiyo mitatu ingali sharti la wiski ya Uskoti hata leo.

Marekani ilipita njia iliyofanana na hiyo mwanzoni, kisha ikaiacha. Mwishoni mwa karne ya 19 walikuwako huko wachanganyaji wengi walionunua pombe ghafi, wakaitia rangi na vikolezo, wakaiuza kwa jina lolote lililowapendeza au lililompendeza mwenye duka. Mwaka 1897 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyompa mkenekaji hiari ya kuilaza wiski yake katika ghala lililolindwa na serikali, kwa miaka isiyopungua minne, iwe ya kiwanda kimoja na ya msimu mmoja, na nguvu yake iwe nusu kwa nusu. Chupa ya namna hiyo ilipigwa muhuri wa serikali, na muhuri ukamtaja mkenekaji halisi. Nadhani hii ndiyo sheria ya kwanza iliyokiona kiini cha jambo: muuzaji na atie jina lake apendapo, lakini mkono uliokitengeneza kinywaji uonekane. Ikafuata sheria ya vyakula na dawa ya mwaka 1906, na pamoja nayo ubishi ule ule wa Islington. Rais Taft mwenyewe, aliyekuwa hakimu kabla ya kuwa Rais, ndiye aliyeukata ubishi huo tarehe 27 Desemba 1909. Aliruhusu pombe zote za nafaka ziitwe wiski, lakini kila moja ibebe neno la kuipambanua, isiyochanganywa iseme hivyo, na iliyochanganywa iseme hivyo. Ni jambo la ajabu kwamba katika mwaka huo huo mmoja Tume ya mfalme huku na Rais wa jamhuri kule walikuwa wakifanya kazi ya mtunga kamusi.

Lakini Marekani ilikuwa na hofu nyingine, nayo ilihusu mikono zaidi kuliko maneno. Kabla ya mwaka 1920 baa nyingi za nchi hiyo zilikuwa zimefungwa kwa wenye viwanda vya bia. Mwenye kiwanda alilipa ada ya leseni, akatoa meza na viti, akamkopesha mwenye baa fedha, na kwa malipo ya hayo yote baa haikuuza bia nyingine ila ya kwake. Mwenye baa aliyekuwa na deni hakuwa na budi kuuza kwa wingi, awe anamuuzia mlevi au mtoto. Uchungu uliotokana na baa hizo ulikuwa sababu mojawapo kubwa ya kupigwa marufuku kwa vileo katika nchi nzima tangu Januari 1920. Marufuku ilipoondolewa tarehe 5 Desemba 1933, kila jimbo lilipewa mamlaka ya kutunga sheria zake lenyewe. Katika mwaka huo Raymond Fosdick na Albert Scott walitoa ripoti waliyoagizwa na John D. Rockefeller mdogo, wakashauri kwamba baa iliyofungwa kwa mwenye kiwanda isirudi tena.

Shauri hilo lilisikiwa. Majimbo mengi yaliigawa biashara katika ngazi tatu, mtengenezaji, muuzaji wa jumla na muuzaji wa rejareja, na mtu wa ngazi moja akakatazwa kumiliki ngazi nyingine. Majimbo 17 yalichukua njia tofauti, serikali yenyewe ikawa mwenye biashara katika ngazi moja au zaidi kwa vileo vya namna fulani. Juu ya hayo, sheria ya nchi nzima ya tarehe 29 Agosti 1935 ilikataza mtengenezaji kumfunga muuzaji kwa mikopo, zawadi au sharti la kuuza cha kwake peke yake, na ikaagiza kwamba lebo ya chupa ipate kibali cha serikali kabla ya kutumiwa. Kazi hiyo ya vibali ingali ikifanywa, na tangu mwaka 2003 imekuwa chini ya idara ya Wizara ya Fedha iitwayo TTB.

Hapo ndipo kileo cha mwenye duka kilipofika penye njia panda. Sheria ilimwogopa mwenye kiwanda anayemmiliki mwenye duka. Lakini ukuta ukishajengwa, huzuia pande zote mbili, na mwenye duka naye hakuweza tena kukimiliki kiwanda. Angewezaje basi kuuza bia au mvinyo wenye jina lake? Jibu lilipatikana katika tofauti iliyoko baina ya jina na milki. Duka hukubaliana na kiwanda kwamba kiwanda kitengeneze kinywaji kwa jina fulani na kisiuze jina hilo kwingine. Kiwanda ndicho chenye leseni, ndicho kinachoomba kibali cha lebo, ndicho kinacholipa ushuru. Katika majimbo yanayoishika sheria ya ngazi tatu kwa ukali, chupa hutoka kiwandani, hupita kwa muuzaji wa jumla, kisha hufika katika duka ambalo jina lake, au jina lililobuniwa kwa ajili yake, limekuwa juu ya chupa tangu mwanzo wa safari.

Mfano mashuhuri ni mvinyo wa Charles Shaw, ulioanza kuuzwa mwaka 2002 katika maduka ya Trader Joe's peke yake, kwa bei ya dola 1.99 katika California. Mtengenezaji ni Bronco Wine Company. Charles Shaw alikuwa mtu halisi aliyewahi kuwa na kiwanda cha mvinyo katika bonde la Napa. Biashara yake ilipoanguka, Bronco ikalinunua jina. Kwa hiyo jina lililo juu ya chupa si la mkulima, wala la mtengenezaji, wala la muuzaji. Ni jina lililoachana na mwenyewe, likaajiriwa. Costco nayo huuza mvinyo na pombe kali kwa jina la Kirkland Signature. Kirkland ni mji wa jimbo la Washington ambako makao makuu ya kampuni hiyo yalikuwa zamani. Mnunuzi akitaka kujua ni nani aliyekitengeneza kinywaji, lebo humpa jina na mahali pa aliyekitia chupani, maana sheria yaagiza hivyo. Lakini sheria hiyo hiyo yaruhusu mwenye kiwanda kuwa na majina ya biashara zaidi ya moja katika leseni yake, na kulitia lolote kati ya hayo. Serikali yamjua mtu aliye nyuma ya jina, mnunuzi hamjui. Hii ni hatua ya nyuma ikilinganishwa na muhuri wa mwaka 1897, na ni udhaifu ambao mwanalugha hana budi kuutaja: jina linalotimiza umbo la sheria pasipo kutimiza kazi ya jina, ambayo ni kumpambanua mtu na wengine.

Majina ya mahali yalilindwa kwa nguvu zaidi kuliko majina ya watu. Mwaka 2000 jimbo la California lilipitisha sheria kwamba mvinyo wenye neno Napa katika jina lake uwe umetengenezwa kwa zabibu za Napa kwa asilimia 75 au zaidi. Kanuni ya serikali ya nchi nzima ilikuwa imeziachilia chapa za kabla ya mwaka 1986, na Bronco ilikuwa imenunua chapa za zamani za namna hiyo. Kampuni ikaenda mahakamani, na mwezi wa Agosti 2004 Mahakama Kuu kabisa ya California ikaamua kwamba jimbo lilikuwa na haki ya kutunga sheria hiyo. Shauri hili halikuhusu Charles Shaw, lakini lilimhusu mtengenezaji yule yule, na maana yake ni wazi: jina la mtu laweza kununuliwa likatumiwa popote, jina la bonde haliwezi.

Wauzaji wakubwa hawakukaa kimya. Katika jimbo la Washington, ambako pombe kali iliuzwa na serikali tangu kuondolewa kwa marufuku, Costco ilitumia zaidi ya dola milioni 20 katika kampeni ya kura ya wananchi ya Novemba 2011. Kura ilipita. Tangu tarehe 1 Juni 2012 maduka makubwa ya huko huuza pombe kali, na muuzaji wa rejareja anaweza kununua moja kwa moja kwa mtengenezaji pasipo kupitia ngazi ya kati. Ukuta uliojengwa kwa hofu ya mwenye kiwanda ulibomolewa hapo kwa nguvu ya mwenye duka. Waliouunga mkono mpango huo walitaja uhuru wa mnunuzi; waliopinga walitaja wauzaji wadogo, ambao hawana jina la kutia juu ya chupa wala fedha ya kuagiza kwa maelfu. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na atakayeandika historia hii asiipuuze hata moja.

Yabaki neno moja, nalo ni bei. Kwa miaka mingi majimbo ya Marekani yalimruhusu mwenye chapa kupanga bei ya chini ambayo duka lisiipunguze. Duka la Schwegmann la New Orleans lilikataa, na mwaka 1951 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba muuzaji asiyetia sahihi mkataba wa bei hafungwi nao. Penye bei zilizopangwa na wenye chapa, chapa ya duka lenyewe ilikuwa na faida ya pekee, maana mwenye kupanga bei yake alikuwa duka. Uskoti ya leo imekuja na kanuni ya namna nyingine. Tangu tarehe 1 Mei 2018 kila kipimo cha mililita 10 za alkoholi tupu hakiuzwi chini ya peni 50, na tangu tarehe 30 Septemba 2024 kiwango hicho ni peni 65. Chupa ya vodka ya sentilita 70 yenye nguvu ya asilimia 37.5 ina vipimo 26.25; kwa hiyo haiwezi kuuzwa chini ya pauni 17.06 hivi, iwe ina jina kubwa au jina la duka. Sheria haikutaja vileo vya wenye maduka hata mara moja, lakini ndivyo vilivyoguswa zaidi, kwa kuwa urahisi wa bei ndio uliokuwa lugha yao.

Huko huko Uskoti pana ushahidi wa mwisho wa hoja yangu. Maduka ya Lidl huuza wiski ya kimea iitwayo Ben Bracken, na maduka ya Aldi huuza iitwayo Glen Marnoch. Katika Kigaeli beinn ni mlima na gleann ni bonde, na viwanda vingi vya kweli vina maneno hayo katika majina yao. Lakini hakuna kiwanda cha wiski kiitwacho Ben Bracken wala kiitwacho Glen Marnoch. Kanuni za wiski ya Uskoti za mwaka 2009 zinakataza jina la kiwanda halisi litumiwe kwa wiski ambayo haikukenekwa humo. Kubuni jina la kiwanda kisichokuwako halikukatazwa, mradi wiski ni ya Uskoti kweli. Mkenekaji wa Ujerumani aliyeiita wiski yake Glen Buchenbach, kwa bonde la Buchenbach alikokaa, hakupata uhuru huo. Shauri lilifika Mahakama ya Haki ya Ulaya mwaka 2018, na mwaka 2019 mahakama ya Hamburg ikaamua kwamba neno Glen lingempotosha mnunuzi. Tazama jinsi mambo yalivyopinduka. Yule mwenye bonde la kweli amekatazwa neno bonde, na wale wenye bonde la kubuni wameruhusiwa. Sababu ni kwamba neno Glen halina tena maana ya bonde peke yake katika biashara hii; limekuwa ishara ya nchi, na nchi imelimiliki.

Sasa nirudi kwetu. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania liliirekebisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria za zamani, pamoja na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, ziliandikwa kwa Kiingereza; kuzileta katika Kiswahili kwahitaji istilahi. Maneno ya vileo tunayo tele, na mengi yamesafiri. Mvinyo tuliupata kwa Wareno. Grosari, ambalo kwa Waingereza ni duka la vyakula, katika miji ya Tanzania ni mahali pa kuketi na kunywa bia. Chakula kimedondoka njiani, kinywaji kimebaki. Tunachopungukiwa ni maneno ya kuwapambanua watu walio nyuma ya chupa. Mara nyingi twasema mtengenezaji, basi. Lakini historia niliyoieleza yaonyesha watu watano: mkenekaji, anayetoa pombe katika nafaka au matunda, mchanganyaji, anayeunganisha mapipa, mtiaji chupani, mwenye chapa, na muuzaji. Waweza kuwa mtu mmoja, na waweza kuwa watu watano wasioonana kamwe. Uingereza ilimshitaki muuzaji mwaka 1905 kwa kosa lililotendeka, kama lilikuwa kosa, katika mtambo wa mtu mwingine. Marekani ilimtaja mkenekaji mwaka 1897, kisha ikaridhika na jina la mtiaji chupani.

Hili si jambo la wenye kamusi peke yao. Mwezi wa Mei 2014 makumi ya watu walifariki katika Kenya baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Katika msiba wa namna hiyo swali la kwanza la ndugu wa marehemu, na la polisi, na la hakimu, ni moja: nani aliitengeneza? Sheria inayosema mtengenezaji bila kueleza ni yupi kati ya wale watano humpa kila mmoja wao mlango wa kumwonyeshea kidole mwenzake. Yafaa wenye kazi ya kutafsiri sheria zetu watumie maneno matano mahali penye watu watano, na waagize kwamba juu ya chupa aandikwe mkenekaji kwa jina lake halisi, hata kama jina la mwenye duka litaandikwa kwa herufi kubwa zaidi. Wenye maduka wa Kilmarnock na Aberdeen walitia majina yao juu ya chupa kwa sababu wateja wao waliwajua. Mahali ambapo kujuana huko hakupo, ni kazi ya sheria kukileta kilichopotea, na sheria haina chombo cha kufanyia kazi hiyo isipokuwa neno lililo wazi.